Gari la Majaribio na Jasho la Mafundi

Mwezi wa Julai mwaka 2020, mjini Indianapolis nchini Marekani, gari moja lilitiwa mnadani likanunuliwa kwa dola 3,850,000, pamoja na ujira wa dalali. Halikuwa gari jipya, wala halikupambwa kwa dhahabu. Lilikuwa Ford Mustang ya mwaka 1965, aina ya Shelby GT350R, lililoundwa kwa majaribio na kupewa namba 5R002. Hadi siku hiyo hapakuwa na Mustang iliyopata kuuzwa mnadani kwa bei kubwa zaidi.

Hapana shaka wapo watakaotikisa vichwa na kusema kuwa huo ni mchezo wa matajiri. Hatuna haja ya kuwatetea matajiri. Lakini yafaa tuulize: ni kitu gani hasa kilichonunuliwa?

Kampuni ya Ford iliitoa Mustang kwa mara ya kwanza tarehe 17 Aprili 1964, gari la bei nafuu lililokusudiwa vijana. Katika mwaka wa kwanza yaliuzwa magari zaidi ya 400,000. Hata hivyo, wapenda mbio waliliona kuwa gari la kutembelea mjini tu. Ford ikamwendea Carroll Shelby, mtu wa Texas aliyewahi kufuga kuku, na aliyeshinda mbio za Le Mans mwaka 1959 kabla ya maradhi ya moyo kumwondoa kwenye usukani.

Katika karakana ya Shelby huko California yaliundwa magari mawili ya kujaribia mashindano. Kila kilicholeta uzito bila faida kiliondolewa. Vioo vya madirisha vikabadilishwa kwa plastiki. Mikono ya juu ya magurudumu ya mbele ikashushwa kiasi cha inchi moja ili gari lishike barabara kwenye kona. Injini ya silinda nane, yenye lita 4.7, ikaongezwa nguvu hadi kukaribia farasi 350. Dereva wa majaribio alikuwa Ken Miles, Mwingereza aliyekuwa fundi na mshindani kwa pamoja. Yaliyothibitika katika kazi hiyo ndiyo yaliyofuatwa katika magari 34 yaliyouzwa kwa wateja, kila moja kwa kiasi cha dola 6,000.

Tarehe 14 Februari 1965, huko Green Valley, Texas, Miles alishinda kwa gari hilo namba 5R002. Mpiga picha alilinasa likiwa hewani, magurudumu yote manne yameiacha ardhi. Magari ya GT350 yakachukua ubingwa wa taifa wa daraja lao mwaka 1965, 1966 na 1967.

Basi kilichonunuliwa si chuma. Gari la majaribio ni daftari la fundi: kila tundu na kila kiungo ni jibu la swali lililoulizwa karakanani. Magari yaliyofuata yalipokea majibu. Hili lilibeba maswali yenyewe.

Hata hivyo, mizani ya mnada haikupima kila kitu. Ken Miles hakuiona heshima hiyo. Tarehe 17 Agosti 1966, akijaribu gari jingine la Ford katika uwanja wa Riverside, California, alipata ajali akafa. Waliochoma vyuma na kufunga injini walilipwa ujira wao, na hadithi yao ikaishia hapo. Mamilioni ya mnadani hutoka katika mfuko wa tajiri mmoja kuingia katika mfuko wa mwingine. Hatusemi kuwa biashara hiyo ni haramu. Mali ni ya mwenyewe. Tunasema kwamba anayelisifu gari na kuwasahau walioliunda amesahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Kwa hiyo anayelinunua gari la namna hii amepokea amana, si mali tu. Akilifungia ghalani lisionekane, amelifunga daftari. Akilionyesha hadharani, akawaruhusu mafundi walipime na vijana walichungulie, atakuwa ameirejesha elimu kwa jasho lililoizaa.

Kwa viongozi wenye dhamana ya maghala na karakana za umma, lipo funzo jingine. Gari la majaribio huwa la kwanza kukatwakatwa, kwa kuwa halifanani na mengine na matumizi yake yameonekana kwisha. Mustang nyingine ya majaribio ya Shelby, ya mwaka 1967, iliyoitwa Little Red, iliaminiwa kwa miaka mingi kuwa imekwisha kusagwa. Mwaka 2018 ilionekana Texas, imekaa nje katika hali mbaya, kutu imeila. Ilinusurika kwa bahati, na bahati si mpango wa kazi.

Anayetia sahihi hati ya kufuta kifaa kikuukuu na amwite kwanza fundi aliyekitumikia, amwulize kina nini ndani yake. Swali hilo halina gharama. Kulipuuza ndiko kunakomfanya mtu anunue kwa mamilioni kile alichokitupa jana kama takataka.