Pikipiki Isilale Sebuleni



Baba mmoja wa milima ya huku kwetu Bumbuli ametuuliza hivi: "Kijana wangu amenunua pikipiki. Kila usiku huiingiza sebuleni kwa kuogopa wezi, na wadogo zake hulala chumba cha pili. Mama yao hapendi harufu ile. Je, mtu asiye fundi aweza kujenga banda la kuiwekea, lenye nafasi ya kufanyia kazi ndogo za mikono?"

Jibu letu ni kwamba aweza, na yafaa aanze mapema. Yule mama ana haki. Harufu anayoisikia ni mvuke wa petroli, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa kuni, bali hutambaa chini sakafuni kama maji, hupita chini ya mlango, na ukikuta kibatari au jiko la mkaa huwaka, hata kama pikipiki iko chumba kingine. Wengine husema, "Huku kwetu kuna baridi, petroli haina nguvu." Si kweli. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya kugandisha maji. Sote twakumbuka mambo ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tangi la pikipiki ni dogo, lakini petroli ni ile ile.

Tena kuna hatari ya pili. Kijana akiwasha injini alfajiri ndani ya nyumba iliyofungwa ili ipate joto, injini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo yaweza kumwua mtu usingizini. Kwa hiyo pikipiki ipewe nyumba yake. Sasa tufuate kazi hatua kwa hatua.

Kwanza, mahali. Kwa kuwa mvuke hushuka, usijenge banda juu ya jiko. Lijenge upande wa chini wa nyumba, au ubavuni, mbali na jiko kwa hatua kubwa kumi au zaidi. Lisiwe juu ya chemchemi mnayochota maji, kwani oili inayomwagika hufuata mteremko. Kabla ya kushika jembe, mwite jirani mwonyeshane mpaka, na umwulize mtendaji wa kijiji kama kuna kibali kinachotakiwa. Ugomvi wa mpaka ni ghali kuliko mabati.

Pili, kiwanja. Hapa ndipo wajenzi wengi wa milimani hupata hasara. Mtu hukata kilima, udongo aliouchimba huusukuma mbele, akapata uwanja mzuri ulio sawa. Kisha hujenga nusu juu ya ardhi ngumu na nusu juu ya udongo wa kujaza. Masika ikija, ule udongo hunywea na ukuta hupasuka katikati. Shauri letu: banda zima likae juu ya ardhi iliyokatwa, na sehemu ya kujaza iwe uwanja wa mbele tu. Kingo ya nyuma usiikate wima kama ukuta. Ilaze kidogo, uipande majani ya Guatemala kama tupandavyo kwenye makinga maji ya shamba. Kati ya kingo na ukuta acha nafasi ya futi 3, na humo chimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni. Mfereji huu uchimbwe kabla ya msingi. Maji yakikosa njia, hujitafutia njia kupitia ukuta wako.

Tatu, vipimo. Futi 10 kwa 14 zatosha pikipiki moja na meza ya kazi. Pembe zisipimwe kwa macho. Chukua kamba, pima futi 6 upande mmoja wa pembe na futi 8 upande wa pili. Ukiona kati ya ncha hizo mbili ni futi 10 kamili, pembe ni sawa. Halafu pima kutoka pembe hadi pembe kwa kukingama. Vipimo viwili vikilingana, banda limekaa mraba. Kujua usawa wa ardhi, tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake. Maji hayadanganyi: mwisho mmoja na mwisho wa pili hulingana daima. Mtoto wa darasa la sita aweza kuushika upande mmoja.

Nne, msingi na ukuta. Chimba mpaka ukute ardhi ngumu, upange mawe, na uupandishe msingi futi moja na nusu juu ya ardhi, ili matone yanayoruka yasilambe ukuta. Juu yake matofali mabichi yatosha kwa banda. Hapana haja ya kukata miti ya kuchomea matofali. Lakini ukungu wetu huchelewesha kukauka. Yafyatue mara masika ikiisha, yafunike kwa majani ya migomba, uyageuze, uyape majuma manne, na ujenge kabla ya vuli. Katika kupanga, kiungo cha tofali la juu kikae katikati ya tofali la chini, na kila kozi ipimwe kwa timazi.

Tano, mlango na hewa. Mlango uwe na upana wa futi 4, ufunguke kwa nje, ili mtu aliye ndani aweze kutoka upesi. Linta ya mbao nene ikae juu ya ukuta kwa futi moja kila upande. Watu wengi huweka matundu ya hewa juu tu. Kwa banda la petroli weka na mengine chini karibu na sakafu, upande wa mteremko, kwa maana mvuke hutokea chini. Yazibe kwa wavu wa chuma ili panya wasiingie.

Sita, paa. Hapa mwite fundi kwa siku moja au mbili, kwani kuanguka hakuna mwanafunzi wala mwalimu. Wewe uwe msaidizi wake, uangalie mambo matatu. Mbao za mkaratusi zikiwa mbichi hupinda, basi ziwe zimekauka. Msumari wa bati upigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Na kenchi zifungwe kwa waya mnene ulioingia ukutani, maana upepo wa mlimani huinua paa kutoka chini. Bati litokeze futi 2 nje ya ukuta. Ule ndio mwavuli wa matofali mabichi.

Sasa habari ya wezi, maana ndiyo iliyoiingiza pikipiki sebuleni. Unapomwaga zege ya sakafu, zamisha humo pete ya nondo nene, miguu yake ikiwa imekunjwa chini ya zege. Kila usiku kijana apitishe mnyororo kwenye pete na gurudumu, atie kufuli. Mwizi atakayefungua mlango atakuta kazi nyingine inamngoja.

Ndani ya banda weka ndoo mbili za mchanga. Petroli ikiwaka usimwagie maji, kwa kuwa huelea juu yake na kueneza moto. Akiba ya petroli ikae katika dumu lililofungwa vizuri, wala si katika chupa ya soda, kwani watoto hunywa. Oili chafu ikusanywe ndani ya kopo, isimwagwe mferejini. Kibatari na sigara visiingie kabisa, tumia tochi.

Kazi hii yote si ya mtu mmoja. Vijana wachimbe na kubeba mawe, baba apime, na siku ya kupandisha ukuta waalikwe majirani, wapikiwe chakula cha kutosha. Pasipo fedha za kumaliza mwaka huu, anza kwa msingi na nguzo nne zenye bati juu. Kuta zitafuata. Hata hilo ni bora kuliko kulaza tangi la petroli chumba cha pili na watoto.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kutengeneza meza ya kazi isiyotikisika.