Urithi wa Edith Clarke

Wako watu wasemao ya kuwa kumsomesha binti hesabu na elimu ya mitambo ni kumwaga maji mchangani. Maneno hayo si ya haki, na maisha ya Edith Clarke yayakanusha.

Edith alizaliwa Marekani mwaka 1883, akafiwa na wazazi wake wote wawili angali mtoto. Alipokua alipewa fungu lake la urithi. Angaliweza kulimaliza kwa mavazi na starehe. Lakini alilitumia kwa masomo, akajifunza hesabu na elimu ya nyota, akahitimu mwaka 1908. Mwaka 1919 alipata digrii ya ufundi wa umeme katika chuo kiitwacho MIT, akawa mwanamke wa kwanza kuipata hapo.

Je, alipokewa kwa furaha? La. Alitafuta kazi ya injinia asiipate. Akapewa kuwasimamia wanawake waliowapigia mainjinia hesabu zao. Hakukata tamaa. Alibuni chombo cha kurahisisha hesabu za nyaya ndefu za umeme, na mwaka 1922 akaajiriwa kuwa injinia kweli kweli. Mwaka 1947 alianza kufundisha ufundi huo katika Chuo Kikuu cha Texas.

Basi, mtu akipiga hodi asifunguliwe, si ushuhuda ya kuwa hafai kuingia. Ng'ombe wa urithi hufa na fedha huisha, bali elimu haiibwi. Mzazi na amlipie binti karo. Na binti naye asiziogope hesabu kwa sababu ya maneno ya watu.