Kabla ya kununua gari, wasikilize madereva

MSIMU wa mavuno unapokwisha, baadhi ya wakulima na wafanyabiashara wa Busawe, wilayani Serengeti, huunganisha fedha za mahindi, mihogo na mifugo ili wanunue gari la kubeba mizigo na abiria kwenda Mugumu na minadani. Ni uamuzi mzuri. Hata hivyo, giaboksi moja ikifa, faida ya mwaka mzima inaweza kuishia mikononi mwa fundi.

Waulize madereva wa vijijini gari lipi linafaa. Wengi watakutajia lenye gia ya mkono na injini ya zamani, mfano Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, ambayo pampu yake haitegemei kompyuta. Wapo wanaowacheka wakidai hawataki maendeleo. Sisi tunaona kuwa madereva hawa wana hoja.

Gari la gia ya mkono betri ikifa, vijana wanne wanalisukuma na linawaka. La otomatiki halisukumwi likawaka, na likivutwa kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, giaboksi huungua kwa kukosa oili. Zipo pia giaboksi za CVT, ambazo badala ya gia zina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye kapi mbili. Hizo zina haidroliki yake maalumu. Ukiweka yoyote ya bei rahisi, au ukilazimisha gari lenye mzigo mkubwa kutoka kwenye tope, mkanda unateleza na hasara inaanza.

Suala la mafuta nalo ni zito. Injini za D-4, ambazo Toyota ilianza kuziuza Japan mwaka 1996 na ambazo zimo katika baadhi ya Noah, hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Nozeli na pampu zake hazivumilii uchafu. Ni kweli kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji. Lakini petroli inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara bado inaweza kuwa na maji na vumbi.

Pamoja na hayo, madereva nao wasikilize upande wa pili. Injini mpya ikitunzwa hula mafuta kidogo, na kwa anayesafiri kila siku hiyo ni fedha. Isitoshe, gari dogo lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa uchakavu linapoingizwa nchini, na Probox zilizotengenezwa tangu 2014 zina CVT. Kukimbia teknolojia hii moja kwa moja hakutawezekana. Aidha, magari mengi yanayolaumiwa yameuawa na wenyewe kwa kuchelewa kumwaga oili.

Kwa hiyo mnunuzi ajiulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha: giaboksi hii inatumia haidroliki gani na inapatikana wapi, nitajaza mafuta kituo gani, na fundi wa karibu ana mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari? Majibu yakikosekana, bei ndogo isimdanganye.

VETA na halmashauri nazo zina wajibu. Fundi wa chini ya mwembe anayejua klachi na plagi apatiwe mafunzo ya muda mfupi ya sensa, nozeli na CVT. Leo anabahatisha, anabadilisha spea moja baada ya nyingine, na gharama zote zinamwangukia mkulima.

Gari ni mtaji kama lilivyo jembe la ng'ombe. Hakuna mkulima anayenunua ng'ombe wa kulimia bila kumkagua miguu. Gari nalo likaguliwe hivyo hivyo, na dereva atakayeliendesha awepo.