Waliomwacha Mungu Walikuwa Hekaluni

Kila mvua inapokosekana au bei ya unga inapopanda, sauti ileile husikika mimbarini na majukwaani: taifa limemwacha Mungu, na laana za Kumbukumbu la Torati sura ya 28 zimetufikia. Kisha kidole huelekezwa kwa vijana, mavazi yao na muziki wao. Sipingi kwamba Biblia inaonya juu ya kumwacha Mungu. Ninachopinga ni usomaji unaoruka sura inayotangulia.

Katika sura ya 27 wametajwa wanaostahili kulaaniwa. Yumo mwenye kuficha sanamu nyumbani, ni kweli. Lakini wamo pia anayehamisha mpaka wa shamba la jirani, anayempoteza kipofu njia, anayepotosha haki ya mgeni, yatima na mjane, na anayepokea rushwa ili asiye na hatia auawe. Ni wahubiri wangapi huisoma orodha hiyo wakati mheshimiwa ameketi kiti cha mbele?

Tumwangalie Amosi, katika karne ya 8 KK, enzi za Yeroboamu wa Pili. Israeli ya wakati huo haikuwa taifa lisilosali. Sadaka zilitolewa, sikukuu ziliadhimishwa, nyimbo ziliimbwa. Nabii alilaani mizani ya udanganyifu, hukumu zilizonunuliwa na maskini kuuzwa kwa thamani ya jozi ya viatu. Amazia, kuhani wa Betheli, alimwamuru aondoke kwa hoja kwamba pale palikuwa patakatifu pa mfalme. Kuhani alikuwa amekwisha kusahau kwamba patakatifu pana Mwenyewe. Yapata mwaka 722 KK, Samaria ilianguka mbele ya Ashuru.

Yuda haikujifunza. Yeremia alisimama langoni mwa hekalu la Yerusalemu, akawaambia waabudu kwamba jengo lile halitawaokoa wasipotendeana haki. Nusura auawe. Mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba kwa jasho la vibarua wasiolipwa, alilikata gombo la maneno ya nabii na kulitupa motoni kipande kwa kipande. Yapata mwaka 586 KK, Wababeli waliuteketeza mji pamoja na hekalu lake.

Atatokea wa kuniambia kwamba kosa kuu la Israeli lilikuwa kuabudu Baali, nami ninageuza Maandiko kuwa siasa. Namjibu: Yeremia hakuyatenganisha. Wizi, uuaji, kiapo cha uongo na uvumba kwa Baali aliviweka katika shtaka moja. Anayevitenganisha, akabakiza ibada na kuitupa haki, ndiye anayeyageuza Maandiko kuwa siasa, tena siasa ya kuwalinda wakubwa.

Basi, wanafunzi wangu, msikubali kubebeshwa peke yenu lawama ya ukame. Nanyi watumishi wa umma, maonyo haya yanawahusu kuliko mnavyoambiwa. Mjane anayezungushwa ofisini mwaka mzima kwa sababu hana cha kutoa, na hati ya kiwanja iliyobadilishwa jina usiku, ndiko kumwacha Mungu ambako manabii walikukemea. Maombi ya kitaifa yaendelee, sina ugomvi nayo. Ila kabla ya kupiga magoti kuomba mvua, na mpaka wa shamba la jirani urudishwe ulipokuwa.