Wasituambie Kwamba Vifaru Wanarudi

Ndugu msomaji, usikubali kuambiwa kwamba vifaru wanarudi nyumbani Ajai. Hawarudi. Wale ambao Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda imetangaza nia ya kuwapeleka huko ni vifaru weupe wa kusini, jamii ile ile iliyoanza kutunzwa Ziwa, Nakasongola, mwaka 2005. Wetu walikuwa weupe wa kaskazini, na dunia nzima imebakiwa na wawili tu: Najin na bintiye Fatu, wanaolindwa kwa bunduki usiku na mchana huko Ol Pejeta, Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018.

Kwa wewe wa Koboko usiyepata kufika, Ajai ni kisiwa cha nchi kavu kilichozingirwa na vinamasi vya Nili, mashariki mwa Arua. Kina jina la chifu aliyewahifadhi vifaru katika ardhi yake. Lisome tena jambo hilo, kwa maana tumezoea kusikia kuwa ni mwenyeji, kwa uroho wa nyama, aliyewamaliza.

Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipiga kambi kando ya mto huu pamoja na mwanawe Kermit. Waliua vifaru weupe tisa, wakasifiwa kuwa watu wa elimu. Mahali pale pangali panaitwa Rhino Camp; wanafunzi wangu hulitaja jina hilo wakimaanisha makazi ya wakimbizi, wala mnyama hawamfikirii. Baadaye zikaja bunduki za miaka ya 1970 na 1980, na pembe ikawa na bei kuliko uhai wa aliyeiota. Chifu hakuwa na jeshi.

Sipingi vifaru wa kusini kuletwa. Ninachopinga ni makofi yanayotangulia maswali. Ibara ya 41 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria yatenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa ajili ya jirani zake. Basi uliza katika baraza la kata yako: uzio utapita wapi, ng'ombe watanywa maji wapi wakati wa kiangazi, na fedha hizo zitapokelewa na nani? Uliza sasa.