Faini Isizibe Njia ya Hospitali
Tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe mwaka 2018, mgonjwa atokaye Ulanga hasubiri tena kivuko ili avuke Mto Kilombero kwenda Ifakara. Njia imefupika, lakini dereva amshushaye mama anayevuja damu, akaegesha pasiporuhusiwa, aweza kurejea na kukuta ameandikiwa kosa. Damu imtokayo mama baada ya kujifungua huweza kumuua ndani ya saa 2. Huo si muda wa kutafuta maegesho.

Hata hivyo, dharura haijitetei yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani haimlazimishi mtuhumiwa kukiri na kulipa. Aweza kukana kosa na kujitetea mahakamani, nayo mahakama hutaka ushahidi. Hapo ndipo mhudumu wa afya anapohusika. Barua fupi yenye tarehe, saa ya kupokelewa mgonjwa, sahihi na mhuri yatosha. Ugonjwa usitajwe, kwani siri ni ya mgonjwa, si ya dereva.

Mjamzito apige 115, namba ya m-mama isiyo na malipo. Wagonjwa wengine hutegemea hisani ya jirani mwenye chombo; akitozwa leo kwa kuokoa uhai, kesho atasita.