Dawa za kusafisha injini: je, huondoa masizi kweli?

Ukiingia duka la spea utazikuta rafuni: chupa ndogo zinazoahidi kusafisha injini, kupunguza ulaji wa mafuta na kurudisha nguvu za gari. Kwa dereva wa teksi ambaye gari lake limeanza kutetemeka na kumaliza mafuta kabla ya hesabu ya tajiri kutimia, chupa hiyo ni tumaini la kukwepa gharama ya kufungua injini. Ndiyo maana wasikilizaji wetu wanatuuliza: dawa hizi zinafanya kazi kweli?

Jibu letu ni kwamba baadhi zinafanya kazi, lakini pale tu dawa inapofika mahali masizi yalipo. Sehemu hiyo ya pili muuzaji haitaji mara nyingi.

Masizi hukaa wapi?

Petroli isipoungua vizuri huacha mabaki. Mvuke wa oili unaorudi kwenye njia ya hewa nao huganda. Mabaki hayo hujikusanya kwenye ncha za nozeli, nyuma ya valvu za kuingiza hewa, juu ya pistoni na kwenye ringi zake. Safari fupi fupi ambazo injini haipati joto la kutosha, pamoja na kuchelewa kumwaga oili, huongeza tatizo.

Dawa ya kumimina kwenye tangi

Dawa inayoaminika zaidi katika kundi hili ni ile yenye kemikali ya polietha amini, ambayo kwenye chupa huandikwa PEA. Inastahimili joto kali, hivyo inaweza kusafisha nozeli na kupunguza masizi ndani ya silinda.

Kemikali za aina hii si uzushi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1995 petroli inayouzwa kwa magari inatakiwa kisheria kuwa na visafishaji. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha nchi hiyo, AAA, kililinganisha petroli yenye visafishaji vya kiwango cha juu na ile yenye kiwango cha chini. Baada ya mwendo wa maili 4,000, sawa na kilomita 6,400 hivi, petroli ya kiwango cha chini iliacha kwenye valvu mabaki mara 19 zaidi kwa wastani.

Hata hivyo, takwimu hiyo inahusu zaidi kuzuia masizi. Kuyaondoa yaliyokwisha kuwa magumu ni kazi ya polepole, na chupa moja haiwezi kufuta uchafu wa miaka kumi.

Kwa nini D4 ni habari nyingine?

Kwenye gari kama Toyota IST, petroli hunyunyizwa kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Dawa iliyo kwenye petroli huziosha ikipita. Lakini Noah za mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadhi ya RAV4 za wakati huo, zina injini ambayo mafundi huiita D4. Humo petroli huingia moja kwa moja ndani ya silinda, wala haipiti kwenye valvu za hewa. Hata ukimimina chupa tano tangini, valvu hizo hazitaguswa.

Dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa huzifikia, na inaweza kulainisha masizi mepesi. Yale mazito yanataka kufunguliwa na kukwanguliwa kwa mkono, au kupulizwa kwa upepo wenye chembe za maganda ya jozi yaliyosagwa.

Tahadhari na dawa ya oili

Ipo pia dawa ya kutia kwenye oili kabla ya kuimwaga. Kwa injini iliyotunzwa haina faida kubwa. Kwa injini kuukuu iliyojaa tope la oili inaweza kuwa hatari: tope likibanduka kwa mkupuo huziba chujio la pampu, oili haipandi, na injini inanoki. Gari la namna hiyo ni salama zaidi kusafishwa taratibu, kwa kumwaga oili na kubadili filta mapema kuliko kawaida.

Kabla ya kulipa

Tunashauri umuulize fundi maswali matatu. Masizi yako wapi, na umejuaje? Injini yangu hunyunyiza petroli wapi? Plagi, koili na filta ya hewa zimekaguliwa? Mara nyingi kutetemeka kunatokana na plagi iliyochoka tu.

Na kama gari linatoa moshi wa bluu, linaunguza oili. Huenda ringi au sili za valvu zimekwisha, na chuma kilicholika hakirudishwi na dawa. Akiba ya kununulia chupa iweke kwa ajili ya spea.